Inasema, Haisikii

Mjomba aliporudi likizo kutoka Muscat mwaka 1987, bibi alipata udi, kitambaa cha buibui na halua ya kwenye bati. Mimi nikapata Walkman. Nasema Walkman kwa mazoea tu, maana jina lililoandikwa kwenye kifuniko lilikuwa la kampuni ambayo tangu siku ile sijaisikia tena. Lakini kwetu Ng'ambo, Unguja, kitu chochote kilichocheza kanda na kuvaliwa masikioni kilikuwa Walkman, kama ambavyo kila sabuni ya unga ilikuwa Omo.

Bibi aliichukua akaigeuzageuza. Akafungua kimlango chake, akakifunga. Akatafuta spika, asiione. Akatafuta kile kitufe chekundu, asikione.

"Ya kurekodia iko wapi?"

"Haina, mama," mjomba akamjibu. "Hii ya kusikilizia tu."

Bibi akanirudishia mkononi, kama mtu anayerudisha chenji pungufu. "Basi hii inasema, haisikii."

Historia ya vifaa hivi vya muziki wa mfukoni huwa inasimuliwa kwa namna moja: kwanza vilikuwa vikubwa vikawa vidogo, kwanza vilibeba nyimbo 12 vikabeba 1,000, kisha zote zilizopo duniani. Ni kweli. Ila mimi niliyeianza safari hiyo nikiwa na bibi pembeni, huwa naangalia upande wa pili. Kila kifaa kilipopungua ukubwa, kuna kitu kiliachwa nje, na aliyeamua kiachwe hakutuuliza.

Ili uelewe kwa nini bibi alikiulizia kitufe chekundu kabla ya kitu kingine, inabidi nikwambie kuhusu barua zetu. Bibi alisoma chuo cha Kurani, hakusoma skuli. Msahafu aliusoma usiku na mchana, lakini barua yenye herufi za kizungu ilikuwa lazima asomewe, na barua ya kusomewa haina siri. Msomaji akishatoka mlangoni, mtaa mzima una nakala. Kwa hiyo yeye na mjomba waliandikiana kwa kanda. Kanda ilikuwa inafungwa kwenye khanga, inapewa msafiri, na baada ya mwezi au miwili inarudi nyingine.

Siku ya kurekodi, watoto tulifukuzwa uani. Madirisha yakafungwa, ingawa kunguru hawakufungika. Wamo kwenye kila barua. Redio kaseti ikawekwa juu ya kiti, bibi akakaa juu ya mkeka mbele yake kama anayemkabili mgeni, na mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza, kwa sababu vitufe vilikuwa viwili, chekundu na cha kuchezea, na ilikuwa lazima vishuke pamoja. Kisha nanyata kutoka. Kanda ya C60 ina nusu saa kila upande. Bibi hakuwahi kuimaliza barua kabla ya nusu saa yake. Alikuwa anasalimu, anataja waliooa, waliokufa, bei ya mchele, nani kaonekana na nani, na katikati ya sentensi unasikia kitufe kimejiachia, tak! Naingia, nageuza upande wa pili, na yeye bila kupumzika: "Kama nilivyokuwa nikikwambia."

Mjomba naye kule hakuwa mtu wa kununua kanda tupu. Alitumia za muziki alizozichoka. Kanda iliyotoka dukani na nyimbo zake imevunjwa vile vijino viwili vya nyuma ili usiweze kurekodi juu yake, lakini hilo halikumshinda mtu. Unasokota kikaratasi, unaziba tundu, redio inadanganyika. Basi anasema maneno yake dakika 10, anatoa salamu za mwisho, wasalaam, anazima. Na kwa kuwa alizima pale, zile dakika 20 zilizobaki zilikuwa bado na kilichokuwamo mwanzo.

Ndiyo siku moja tumekaa, mjomba kamaliza, kimya kidogo, kisha ikaingia taarabu katikati ya ubeti, mwanamke analalamika kwamba aliyeahidi kachelewa na mwenye kungoja kachoka.

Bibi akanyanyua mkono, nisizime.

Mtu wa Unguja aliyekulia kwenye taarabu hawezi kuusikia wimbo kama huo baada ya barua akadhani umeingia kwa bahati mbaya. Ule ulikuwa ujumbe. Wiki nzima barazani kwetu ilikuwa ni mjadala. Shangazi mmoja alishikilia kuwa mjomba anadai majibu ya ile posa. Jirani akasema hapana, ni habari ya pesa za mchango wa nyumba. Bibi alisikiliza wote, mwishowe akaazima kanda kwa watu, akachagua wimbo wake kwa makini, akaurekodi uwe jibu upande wa pili bila kuongeza neno. Miaka mingi baadaye mjomba alituapia kwamba hakujua hata ni wimbo gani uliokuwamo. Lakini posa ilijibiwa, na yule ndiye mkewe hadi leo.

Kanda hizi zilitufikia kwa bei ya kutufaa kwa sababu za mbali kabisa. Mwaka 1963, mhandisi wa Kiholanzi Lou Ottens na wenzake wa kiwanda cha Philips kilichokuwa Hasselt, Ubelgiji, walionyesha kaseti ya kwanza kwenye maonyesho ya redio mjini Berlin. Kabla ya kubuni chochote, Ottens alichonga kipande cha ubao kilichoingia vizuri kwenye mfuko wa koti lake, akasema mashine isizidi hapo. Baadaye alikipoteza kile kipande, kwa masimulizi yake mwenyewe, siku alipopata pancha akakitumia kuegemezea jeki. Kipimo cha muziki wa mfukoni wa dunia nzima kimebaki kando ya barabara chini ya gari! Philips, baada ya kuvutana na Sony ya Japani, ikakubali watengenezaji wengine watumie ubunifu ule bila kulipia, alimradi wafuate vipimo. Ndiyo maana kanda ya Japani ilicheza kwenye redio ya Uholanzi, na kanda ya mjomba ikacheza kwa bibi.

Sasa turudi kwenye kitufe chekundu. Sony ilikuwa na kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari kilichoitwa Pressman. Masaru Ibuka, mmoja wa waasisi wa kampuni, alikuwa akisafiri sana kwa ndege na akataka kitu chepesi cha kusikilizia muziki njiani. Mafundi wakaichukua Pressman, wakatoa sehemu ya kurekodi, wakatoa spika, wakaweka saketi ya stirio, yaani kila sikio na sauti yake, na hedifoni za takriban gramu 50, wakati hedifoni za zamani zilikuwa nzito mara sita au saba ya hapo. Ndiyo Walkman yenyewe, iliyoingia madukani Japani tarehe 1 Julai 1979, kwa yeni 33,000. Ndani ya kampuni kwenyewe watu wa mauzo walitia shaka: nani atanunua mashine ya kanda isiyorekodi? Bibi yangu na wauzaji wa Tokyo walikuwa na swali moja. Walitengeneza mashine 30,000 na mwezi ule wa Julai zikauzika kama 3,000 tu, wenye shaka wakaanza kutikisa vichwa. Mwezi uliofuata zikaisha zote.

Kuna jambo jingine kwenye mashine ile ya kwanza ninalolipenda kuliko yote. Ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni. Akio Morita, mwenyekiti wa kampuni, alipoijaribu nyumbani aliona mkewe amekereka, amefungiwa nje. Akaona pia si adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake. Akaagiza tundu la pili, pamoja na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, muziki unashuka na maikrofoni ndogo inaleta sauti ya aliye mbele yako, mzungumze bila kuvua kitu. Kwa hiyo ile ya mwanzo ilikuwa inasikia kidogo. Haikudumu. Wanunuzi walionyesha kwamba wanaitaka iwe ya mtu mmoja, na matoleo yaliyofuata yakakiacha kile kitufe, baadaye na tundu la pili.

Yangu ilikuwa na tundu moja, na adabu aliyoiogopa Morita ilinifika ndani ya siku tatu. Nimetoka skuli, nimevaa hedifoni zenye sponji za rangi ya chungwa, napita barazani kwa wazee wanaocheza bao. Mzee mmoja kanisalimia, au pengine alisubiri shikamoo yake. Mimi nimepita kama basi la serikali. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshanitangulia. Bibi hakuichukua ile Walkman. Alitoa hukumu: sikio moja la muziki, sikio moja la watu. Miaka yote niliyokuwa nayo nilitembea na sponji moja imekaa sikioni na nyingine imesogezwa nyuma ya sikio. Stirio nimeijua ukubwani. Kuna nyimbo za Kizungu za utotoni mwangu ambazo gitaa lake sikuwahi kulisikia kwa sababu lilikuwa upande wa watu.

Betri ndizo zilizokuwa mtihani. Mbili ndogo, na bei yake haikuwa ya mtoto wa skuli. Zikianza kuchoka, muimbaji anakuwa mzito, kama mtu anayeimba huku anasinzia, hadi mwanamke anakuwa mwanamme. Hapo unazitoa, unazianika ukutani juani pamoja na dagaa, jioni zinakupa wimbo mmoja na nusu. Kurudisha kanda nyuma kwa mashine kulikuwa kunakula betri kuliko kusikiliza, kwa hiyo tulirudisha kwa kalamu ya Bic. Mwili wake una pembe sita na kitundu cha kanda kina vijino sita, unaingiza, unazungusha hewani kama kereng'ende mpaka mkono unachoka. Na siku kanda ikiliwa, unaivuta taratibu kutoka kwenye mashine na inakuja tu, inakuja; kanda ya C90 ina utepe wa kama mita 130, mwembamba, unang'ara, umejikunja kama nywele zilizotoka kusukwa. Tuliukata palipoharibika tukaunga kwa seluteipu. Wimbo ukifika pale unaruka neno moja, na hata leo nikiusikia wimbo ule kwenye redio ya mtu, mzima, lile neno lililorudi linanishtua.

Discman, mashine ya kubeba ya kuchezea CD, sina mengi ya kusema juu yake. Sony ilitoa ya kwanza mwaka 1984, miaka miwili baada ya CD yenyewe kuingia sokoni, na sahani ya sentimita 12 haiingii mfuko wowote wa suruali ninaoujua. Rafiki yangu alikuwa nayo. Alikuwa anaibeba kwa mikono miwili kama sinia la chai, kwa sababu ukitikisika kidogo inaruka, na ukipanda gari ya shamba kwenda Bububu hakuna namna ya kutotikisika. Zilizokuja baadaye zilikuwa na kumbukumbu ya sekunde kadhaa ya kuficha mruko, nayo ikala betri zaidi. MiniDisc, ya sahani ndogo zaidi, ya 1992, nimeiona moja tu maishani, mkononi mwa mtangazaji aliyekuja kurekodi maulidi. Ile ilikuwa inasikia. Bibi angeipenda.

Kilichokuja kupindua kila kitu hakikuwa kifaa, kilikuwa hesabu. Huko Erlangen, Ujerumani, watu wa taasisi ya Fraunhofer, akiwamo Karlheinz Brandenburg, walitumia miaka wakichunguza ni nini hasa sikio la binadamu halikisikii. Sauti kubwa ikipiga, ndogo iliyo jirani yake inafunikwa; ipo, ila hukuisikia. Basi kwa nini kuihifadhi? Itoe. Wakatoa, wakatoa, mpaka muziki wa CD ukabaki takriban sehemu 1 ya 11 ya ukubwa wake, na wengi wetu hatukugundua. Mwaka 1995 mafaili hayo yakapewa jina la mp3. Ukifikiri vizuri, ndiko kupunguza kulikokwenda mbali kuliko kote: safari hii hawakukata mashine, waliukata wimbo wenyewe kwa kipimo cha sikio letu.

Vifaa vya kwanza vya mp3 vilinichekesha niliposoma habari zake. Rio PMP300 ya mwaka 1998 ilikuja na kumbukumbu ya MB 32. Hiyo ni kama nusu saa ya muziki kwa ubora wa kawaida wa wakati ule. Upande mmoja wa kanda ya C90 una dakika 45! Teknolojia mpya kabisa, bei ya kukimbiza watu, na inashindwa na upande mmoja wa kanda. Hata hivyo makampuni ya muziki ya Marekani yaliiogopa, chama chao kikaipeleka mahakamani. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba Rio si kifaa cha kurekodi kwa maana ya sheria iliyotumika, kwa sababu hakiwezi kurekodi moja kwa moja kutoka kwenye redio wala CD. Kinanakili tu mafaili yaliyomo kwenye kompyuta. Yaani kile ambacho bibi alikitaja kama kasoro ndicho kilichokuwa utetezi wake mbele ya majaji. Inasema, haisikii, mheshimiwa, iachieni huru.

iPod, kifaa cha muziki cha kampuni ya Apple, ilitangazwa Oktoba 2001: GB 5, nyimbo 1,000, dola 399. Kwetu ilikuwa ni kitu cha kwenye magazeti. Ya kwangu ilinifika 2006, nikiwa nafanya kazi Dar es Salaam, na ilinifika kwa njia ileile: binamu yangu, mtoto wa mjomba, kaja likizo kutoka Muscat. Ilikuwa ya kizazi cha nne, yenye skrini ya rangi moja na gurudumu la kugusa, GB 20, na aliinunua mkononi kwa mtu. Ndani yake mlikuwa na diski inayozunguka. Ukiishika usiku kimya unaihisi inahema kiganjani kabla wimbo haujaanza, kama kuku aliyelala.

Tatizo ni kwamba iPod ilijengwa iwe na kompyuta yake, moja. Mimi kompyuta sikuwa nayo, nilikuwa na foleni ya intaneti kafe. Na ukiiunganisha na kompyuta ngeni ili kuweka nyimbo zako, ilikuwa inataka kwanza ifute za mwenyewe. Vijana wa kafe waliniambia, kaka, tufute tu, tunaanza upya. Nilikuwa nimeshasikiliza siku mbili kilichokuwamo. Nikakataa.

Kwa mwaka mzima na zaidi nikaishi na muziki wa mtu nisiyemjua. Kulikuwa na kisomo cha Kurani kizuri sana, nyimbo za Kiarabu, na karibu nusu nzima ni nyimbo zilizosikika kama za filamu za Kihindi. Nilipokwenda Unguja nikamsikilizisha mama, ambaye ujana wake wote hakukosa filamu pale sinema ya Majestic na hata leo anaimba nyimbo za Kihindi kwa matamshi yanayowachanganya Wahindi wenyewe. Akavaa hedifoni, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Huu si Uhindi ninaoujua mimi." Alisema kweli, nilikuja kuambiwa baadaye kuwa ni Kimalayalam, lugha ya Kerala, ambako wamo watu wengi sana wanaofanya kazi Ghuba. Basi mwenyewe pengine alikuwa mtu kama mjomba, kaacha kwao, kaenda kutafuta. Kulikuwa na wimbo mmoja aliokuwa ameuweka mara tatu. Ikifika saa za jioni nikiwa kwenye daladala la Mwenge, nauchezesha mara tatu, kwa heshima yake.

Wakati mimi nahifadhi nyimbo za mtu wa Kerala, wadogo zangu walikuwa wameshavuka. Walikuwa na vile vi-MP4 vya Kichina vilivyofanana na iPod nano kwa sura tu. Vilikuwa vinaandika majina ya nyimbo kwa herufi zilizovurugika, na vilikufa mapema. Lakini vilikuwa na redio, vilikuwa na kitufe cha kurekodi, na ukivichomeka kwenye kompyuta yoyote duniani vinafunguka kama flashi: burura, weka, ondoka. Aliyevitengeneza hakujua kitu kinaitwa mwenye mali. Kisha zikaja simu zenye memori kadi na likaja neno nililolipenda kuliko maneno yote ya muziki ya lugha yetu: nirushie. Mwanzo ilikuwa infraredi, simu mbili zinalazwa meza moja zikitazamana kichwa kwa kichwa, usizitikise, dakika nyingi kwa mlio mmoja wa simu. Kisha Bluetooth, tukarushiana hata ndani ya daladala, kwa watu ambao sura zao hatukuziangalia. Unawasha, unaona orodha ya majina, mtu kajiita Mtoto wa Mjini, unamuomba, anakurushia. Wasanii wetu walikuwa hawapati hata senti kwenye mambo hayo, na hilo silitetei. Nasema tu kwamba kipindi kile muziki ulisafiri kama zilivyosafiri kanda za bibi, mkono kwa mkono.

Siku hizi nina nyimbo zote. Nalipia kwa mwezi, bando likiwapo. Nikiupenda wimbo nakutumia linki, na wewe ukiwa na bando na ukiwa na programu hiyohiyo utausikia. Tundu la hedifoni nalo likaondolewa. iPhone ililiacha mwaka 2016 na wengine waliocheka wakafuata. Tulianza na matundu mawili, likabaki moja, sasa hakuna. Mwezi Mei 2022 Apple ikatangaza kwamba iPod zilizobaki dukani zikiisha ndio basi. Yangu ipo kwenye droo, haipokei chaji. Yule mtu wa Kerala kafungiwa mle na wimbo wake mara tatu.

Lakini nikitoka nje ya mlango, kifaa cha muziki wa kubeba ninachokiona Unguja si kile kinachoandikwa kwenye habari za teknolojia. Ni kiredio cha Kichina chenye ukubwa wa tofali nusu, chenye kishikio. Kina FM, kina pa kuchomeka flashi na memori kadi, kina tochi, na vingi ndani yake vina betri ya BL-5C, ileile ya Nokia 1100, inayopatikana kila kona. Wavuvi wanacho, mama wa mwani anacho, kakitundika juu ya kamba anapofunga mbegu zake, muuza urojo anacho. Hakina hedifoni. Hakina skrini, kwa hiyo hujui kitakachofuata. Kuna mbele na kuna nyuma. Kila kitu kilichotolewa tangu Pressman kimerudi humo, kwa fujo, kwa spika inayokwaruza. Kuna vyenye hata kitufe cha kurekodi, na rangi yake ni nyekundu.

Nilimnunulia mama mwaka jana. Hataki simu ya kugusa, anasema vidole vyake havimtii. Nikapeleka kadi kwenye kibanda kimoja Darajani kujaziwa taarabu za zamani na kaswida. Kijana akaniuliza nataka zipi, nikaanza kumtajia, akanikatiza: "Mzee, nakujazia tu. Kuna kadi ya bi mkubwa mmoja hapa, ina kila kitu." Akanakili yote, folda kwa folda, bila kuangalia. Nikalipa nikaondoka.

Siku ya tatu mama akanipigia, nani huyo aliyemo kwenye redio. Nikaenda. Akabonyeza mbele, mbele, ikapita kaswida, ikapita taarabu moja ndefu, kisha ikaja sauti ya mwanamke, mtu mzima, karibu sana na maikrofoni, na kunguru nyuma yake.

"Alo. Alo. Hii inasikia? ... We, njoo unitazamie, hii inasikia?" Kimya, kitu kinasogezwa sakafuni. Kisha kwa ukali: "Mlango huo! Fungeni, kuku wanaingia!" Tak. Ikaanza taarabu nyingine.

Nikamwambia mama nitakwenda na kadi Darajani, yule kijana aitoe. Akanitazama kama nimemwambia tumfukuze mgeni. Imebaki. Inakuja kila siku kati ya adhuhuri na alasiri, kutegemea kaanzia wapi, na mama, ambaye hafugi kuku, kila ikifika pale anageuka kuutazama mlango.